Kompyuta Kongwe Inapozimika: Tubainishe Kwanza, Tusituhumu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu tumezowea kuzungumza juu ya mambo ya nyumba: malezi ya watoto, haki za mke na mume, matumizi ya chumo la halali na adabu za ujirani. Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona kwamba mwezi huu twazungumza juu ya mashine. Lakini mwenye kutazama vyema ataona kuwa kompyuta imekwisha kuwa chombo cha nyumba, kama vilivyo cherehani na jokofu. Na chombo cha nyumba kikiharibika, haiharibiki kazi peke yake, bali aghalabu huharibika pia masikilizano ya watu wa nyumba hiyo.

Nyumba nyingi za kwetu hazinunui kompyuta mpya. Hununua iliyokwisha kutumiwa afisini au skulini, au huletewa na jamaa aliye ng'ambo, nayo ikifika imekwisha kula miaka mitano au saba. Ikikaa kwetu miaka mingine kama hiyo huanza ukaidi. Mara huzimika ghafula kama taa iliyopulizwa; mara huganda, hata kishale hakisogei; mara huonyesha skrini ya rangi ya buluu yenye maneno ya Kiingereza, kisha ikajiwasha upya yenyewe. Mtu aliyekwisha kuandika kurasa tatu hujikuta hana hata mstari mmoja.

Hapo ndipo yanapoanza maneno. Baba husema, "Ni hawa watoto na michezo yao." Kaka humsukumia mdogo wake. Mama husema nyumba imeingiwa na jicho la hasidi. Jirani husema ni virusi. Fundi wa mtaani, kabla hata ya kuifungua, husema imekufa, nunueni nyingine. Kila mmoja ana hukumu yake, wala hapana hata mmoja mwenye ushahidi.

DHANA NA UBAINIFU

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, kwamba tukijiwa na khabari na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 12, ametukataza kufuata dhana kwa wingi, kwa kuwa ziko dhana ambazo ni dhambi. Watu hudhani amri hizi ni za mambo makubwa ya vita na siasa tu. La, hasha! Ni za sebuleni pia. Mtoto aliyetuhumiwa mbele ya ndugu zake kwa jambo asilolitenda amedhulumiwa, ijapokuwa jambo lenyewe ni mashine kuukuu.

Hatukanushi kuwa hasadi ipo, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujikinga nayo kwa Mola wetu. Lakini mwenye kukuta vumbi la miaka saba limeziba feni, kisha akasema ni jicho la jirani, amemdhulumu jirani wala hakulifuta vumbi. Kompyuta haina nia, haina hasira, wala haimjui mwema na mwovu. Ikizimika, kuna sababu. Na sababu hutafutwa.

Wanavyuoni wetu wa zamani waliijua njia hii. Al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, aliyakuta maneno mengi ya waliotangulia juu ya namna jicho linavyoona. Hakuridhika kuyapokea kwa ajili ya ukubwa wa majina yao. Aliyatia katika majaribio, akiutazama mwanga unavyopita katika tundu na unavyorudi katika kioo, mpaka akaandika Kitab al-Manazir, kitabu kilichosomwa na wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi baada yake. Ikiwa yeye alilijaribu jambo kubwa kama nuru, sisi tuna udhuru gani wa kutojaribu waya na feni?

Kanuni ya kazi yote hii ni moja, nayo ni nyepesi kuisema na nzito kuishika: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha ungoje uone. Mwenye kusafisha feni, akabadili waya, akafuta programu na kuhamisha meza siku moja, hata mashine ikipona hatajua kilichoiponya. Na ikirejea kuugua, ataanza upya gizani.

KABLA YA YOTE, OKOENI YALIYOMO

Watu wengi huanza kuitengeneza mashine kabla ya kuyaokoa yaliyomo ndani yake. Mashine hununulika. Sauti ya babu aliyetangulia mbele ya haki, akisoma Qur'ani, hainunuliki. Humo mna picha za arusi na za mazishi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya shamba, hesabu za chama cha akiba, na madeni ya watu ambayo Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha tuyaandike. Vyote hivyo ni amana.

Na tukumbuke yaliyowapata Waislamu katika vita vya Yamama, zama za Sayyidna Abubakar, aliyeshika ukhalifa baina ya mwaka 632 na 634. Waliuawa humo wengi katika waliohifadhi Qur'ani vifuani mwao. Sayyidna Umar akaona khatari ya hazina kukaa katika vifua vya watu ambao mauti yaweza kuwachukua, akatoa shauri ikusanywe, na kazi hiyo akapewa Zaid bin Thabit. Kisha Sayyidna Uthman akaamrisha ziandikwe nakala na kupelekwa katika miji mbalimbali. Basi ikiwa waliotutangulia waliitahadharia hazina yao namna hiyo, sisi tunawezaje kuyaacha mambo yetu yote ndani ya chombo kimoja kinachozimika kila siku?

Kanuni ya wataalamu ni kuwa na nakala tatu, zikae katika vyombo vya namna mbili, na moja miongoni mwao iwe nje ya nyumba, ili moto au mwizi asizipate zote. Ya kwanza ni ile iliyo katika kompyuta. Ya pili iwe katika diski ya nje. Ya tatu iwekwe kwa ndugu wa kuaminika, au katika hifadhi ya intaneti kwa mwenye kuiweza. Vijiti vya flashi vyafaa kuchukulia, lakini havifai kutegemewa peke yao kwa miaka mingi. Tena, baada ya kunakili, ifungueni nakala hiyo katika mashine nyingine, mtazame kama picha zaonekana na sauti zasikika. Kwani nakala isiyojaribiwa ni dhana tu, nasi tumekwisha kusema juu ya dhana.

DAFTARI LA USHAHIDI

Chukueni daftari la kawaida la skuli, mlitundike karibu na kompyuta. Kila inapozimika au kuganda, aliyekuwapo aandike mambo matano: siku na saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, namna ilivyozimika, hali ya umeme wakati ule, na maneno yaliyotokea kwenye skrini, kama yapo. Maneno ya skrini ya buluu hupita upesi, basi na yapigwe picha kwa simu. Muda wa wiki mbili watosha.

Ilitufikia khabari ya nyumba moja. Mzee mmoja alitujia baada ya Sala ya Alasiri akasema, "Maalim, huyu kijana wangu amenishinda. Ameiua kompyuta kwa michezo, nami nimemkataza asiiguse." Kijana yule alikuwa kidato cha nne, na mitihani yake ilikuwa haijafika miezi mitatu. Mama yake alikuwa hasemi na baba yake ila kwa haja, na kijana akilala kwa shangazi yake. Tukamwambia, "Mzee wangu, hatukatai maneno yako. Lakini mrudishe mtoto kwenye kiti chake wiki mbili tu, na muweke daftari."

Baada ya wiki mbili alilileta. Kompyuta ilizimika mara kumi na moja. Mara tisa ilikuwa baina ya saa saba na saa kumi za mchana. Na katika hizo, mara nne kijana alikuwa skulini. Aliyekuwa kitini ni mzee mwenyewe, akiandika hesabu za chama cha wavuvi. Mchezo haukuandikwa hata mara moja. Tulipokwenda nyumbani kwake tuliikuta kompyuta imewekwa chini ya dirisha linaloelekea magharibi, jua la mchana likiipiga ubavuni. Na ilipofunguliwa, vumbi lilikuwa limeshikana juu ya feni kama sufi ya mto, na feni yenyewe yazunguka kwa kujikokota.

Likasafishwa vumbi, kisha wakangoja siku nne. Kuzimika kulipungua, lakini hakukukoma. Ndipo ilipohamishwa kutoka dirishani, na kuzimika kwa mchana kukakoma. Lakini bado iliganda mara mbili usiku, wakati wa baridi. Na sababu yake ikaonekana kuwa kipande cha kumbukumbu kilichoshika kutu nyepesi. Twaitaja khabari hii ya pili kwa makusudi, kwani chombo kikongwe ni kama mtu mzima: huweza kuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja, na kulitibu moja hakuondoi la pili.

Mzee yule hakuishia katika kushukuru. Alimwita kijana mbele ya mama yake na ndugu zake, mahali pale pale alipomtuhumia, akamwomba radhi. Kijana akasema, "Baba, yamekwisha." Akarudi kulala nyumbani. Daftari la bei ndogo lilifanya kazi ambayo makelele ya mwezi mzima hayakuiweza.

JOTO NA VUMBI

Sasa tueleze maradhi yenyewe. La kwanza ni joto. Ndani ya kompyuta mna kipande kinachofanya hesabu zote, ambacho mafundi hukiita prosesa. Hupata moto kikifanya kazi, na juu yake huwekwa bamba la chuma na feni ya kukipoza. Baina ya kipande na bamba hupakwa dawa laini inayopitisha joto. Nayo baada ya miaka mingi hukauka ikapasuka kama matope ya jua. Joto likizidi, mashine kwanza hujipunguzia mwendo. Likikaribia nyuzi 100 za sentigredi, prosesa nyingi hujizima ili zisiungue. Basi kuzimika huko si uadui, bali ni kujilinda.

Alama yake ni hii: hufanya kazi vizuri asubuhi, ikazimika mchana; hudumu ikiandikiwa barua, ikazimika ikitazamwa video; na ikizimika hukataa kuwaka mpaka ipumzike. Dawa yake ni kuisafisha. Zimeni, chomoeni waya kwenye soketi, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa muda wa kuhesabu kumi ili umeme uliobaki utoke. Peleka nje, fungua, toa vumbi kwa brashi laini na kwa pumzi ya pampu, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Usitumie kitambaa cha maji. Dawa iliyokauka hubadilishwa na fundi kwa kazi ya muda mfupi. Kisha iwekeni mahali penye hewa, mbali na ukuta na jua, wala msiifunike kwa kitambaa cha urembo inapofanya kazi.

Kompyuta ya kupakata nayo isiwekwe juu ya godoro wala mto, kwani matundu yake ya hewa yako chini. Na mkiiona betri yake imevimba, kibodi imeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, acheni kuitumia na kuichaji mara moja. Msiitoboe wala msiibonyeze; mpelekeeni fundi, maana yaweza kuwaka moto.

UMEME

La pili ni umeme. Katika miji yetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na hushuka nguvu jioni wakati kila nyumba imewasha taa na pasi. Kompyuta huzimika palepale jokofu au pampu ya maji inapoanza kazi, na watu wa nyumba hawayaunganishi mambo mawili hayo mpaka yaandikwe katika daftari. Jaribio lake ni rahisi: ondoeni waya wa kuongezea ambao umechomekwa vyombo sita, mchomeke kompyuta peke yake katika soketi ya ukutani. Ikitulia, mmekwisha kumjua mkosaji.

Mwenye uwezo na anunue kifaa cha akiba ya umeme, kile kinachoitwa yupiesi. Hakikai muda mrefu, lakini dakika zake chache zatosha kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa adabu. Asiyeweza, na angalau achomoe waya umeme unapokatika, asiurudishe mpaka umeme uliorudi utulie.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna kisanduku kinachougeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa ndani. Kisanduku hicho nacho huzeeka. Jaribio lake ni kukiazima kingine kizima, kikatiwa mahali pake kwa siku kadhaa. Lakini tunaonya kwa mkazo: kisanduku hicho kisifunguliwe na asiye fundi, hata kikiwa kimechomolewa, kwani ndani yake hubaki umeme unaoweza kudhuru. Na kwenye ubao mkuu, tazameni vile vipande vidogo vyenye umbo la pipa. Vichwa vyake vikiwa vimevimba au vinatoka ute, vimekufa. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliharibika kwa sababu hiyo hasa.

KUMBUKUMBU NA DISKI

La tatu ni kumbukumbu, yaani vile vibao vyembamba ambamo kompyuta huweka mambo ya wakati ule ule inapofanya kazi. Hewa ya mwambao ina chumvi na unyevu, na miguu ya vibao hivyo hushika kutu nyepesi isiyoonekana kwa macho. Alama yake ni kuganda bila utaratibu, na skrini ya buluu yenye maneno yanayobadilika kila mara. Zimeni, chomoeni waya, mguse chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke, kisha kitoeni kibao, mkisugue miguu yake polepole kwa ufutio laini wa skuli, mpanguse mabaki yake, mkirudishe mpaka kisikike kikijifunga. Vikiwa viwili, jaribuni kimoja kimoja.

Katika Windows mna jaribio la kumbukumbu lililo tayari: andika mdsched mahali pa kutafutia, mashine itajiwasha upya na kujipima yenyewe. Iko pia programu ya bure iitwayo Memtest86+, inayowashwa kutoka katika flashi. Iacheni usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, kibao hicho si cha kuaminiwa.

La nne ni diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na sindano inayopita juu yake bila kuigusa. Ikianza kugonga kama saa mbovu, au faili moja likachukua dakika nzima kufunguka, jueni imeelekea mwisho. Hapo msiiwashe na kuizima kwa kujaribu bahati. Nakilini yaliyo muhimu kwanza, na yakishindikana, mpelekeeni mtu wa kazi hiyo. Programu ya CrystalDiskInfo husoma hali ya diski kama diski yenyewe inavyojipima. Na ikiwa mashine iliyobaki ni nzima, kuibadili diski ya sahani kwa ile isiyo na kitu kinachozunguka, ambayo mafundi huiita esiesidi, huifanya kompyuta ya miaka kumi ikimbie kwa namna itakayowashangaza.

Liko na jambo dogo linalowatisha watu bure: saa ya kompyuta kurudi miaka ya nyuma kila inapowashwa, na kurasa za intaneti kukataa kufunguka. Wengi husema ni virusi. Aghalabu ni betri ndogo mfano wa sarafu iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032, ya volti 3, imekwisha nguvu. Ibadilisheni, mrekebishe tarehe.

PROGRAMU

Watu huanza na programu, nasi tumeiweka mwisho kwa sababu joto, umeme na kutu huonekana kwa macho na kupimwa kwa gharama ndogo. Lakini yako makosa yatokayo huko. Andika perfmon /rel mahali pa kutafutia, nawe utaona jedwali la siku kwa siku, na alama nyekundu katika siku za kuanguka. Lilinganisheni na daftari lenu. Kama maradhi yalianza siku ile ile ilipoingizwa programu mpya, basi iondoeni hiyo kwanza. Kadhalika kompyuta yaweza kuwashwa katika hali ya usalama, ambayo haitumii ila programu za lazima. Ikitulia humo siku nzima, shaka yaelekea kwenye programu kuliko kwenye chuma.

Jaribio lililo bora katika haya ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine uliowekwa katika flashi, kama Linux Mint, ambao hupatikana bure wala hauigusi diski usipoamrishwa. Ikizimika hata humo, programu za Windows zimetoka lawamani. Ikitulia, lawama imerudi kwao, au kwenye diski yenyewe.

ISRAFU NA UBAKHILI

Je, kuna haja ya kuhangaika hivi, wala si kununua nyingine? Sura ya Al-Israa, aya ya 26 na 27, imetutahadharisha na ubadhirifu kwa maneno mazito. Kukitupa chombo kinachoponyeka kwa kusafishwa ni ubadhirifu. Lakini upande wa pili nao upo: kununua leo kibao, kesho kisanduku, keshokutwa diski, mpaka gharama ipite thamani ya mashine nzima, nako ni kupoteza mali. Kwa hivyo, kabla ya kununua kipande chochote, jumlisheni kilichokwisha kutumika na kinachotakiwa, mkilinganishe na bei ya kompyuta nyingine iliyo nzima.

Jambo jingine la kupimwa ni huduma ya mfumo. Mfumo wa Windows 10 ulifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows 11 huzikataa nyingi katika kompyuta zilizotengenezwa kabla ya 2018, hata kama ni nzima. Kompyuta ya namna hiyo haikufa, lakini si busara kuifanyia mambo ya benki na siri katika intaneti bila ya kinga. Yaweza kutiwa Linux ikaendelea na kazi, au ikawekwa mbali na intaneti ikawa ya kuandikia na kusikilizia darsa.

FUNDI NA MWENYE CHOMBO

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, akakuta maji chini ya ukavu wa juu, akamkemea muuzaji kwa kuificha ile rutuba, na kumwonya kuwa mwenye kudanganya hayumo katika watu wake. Fundi na aikumbuke chungu hiyo. Akiwa ameondoa vumbi tu, asidai bei ya ubao mkuu. Kipande alichokitoa amrudishie mwenyewe. Wala asifute yaliyomo kabla ya kuuliza, na picha za watu asizichungulie, kwani hizo ni sitara za nyumba.

Na mwenye chombo naye ana yake. Amweleze fundi ukweli, hata kama chai ilimwagika juu ya kibodi. Wapatane ujira kabla ya kazi. Na siku atakapoiuza, amweleze mnunuzi kasoro zake; tena asidhani kuwa kufuta faili kwa kawaida kumeyaondoa yaliyomo, kwani huweza kurudishwa na mwenye ujuzi. Na aitoe diski akae nayo, au amtake fundi mwaminifu aifute kabisa. Siri za mke na watoto zisiuzwe sokoni pamoja na chuma.

NENO LA MWISHO

Enyi wazazi, kompyuta yenu ikizimika kesho, na iwe fursa ya kuwafundisha watoto haki. Waketi pamoja nanyi, waandike, wajaribu, wangoje, waone jinsi hukumu inavyotolewa baada ya ushahidi. Mtoto aliyeona baba yake akilichunguza jambo kabla ya kulaumu, atawatendea hivyo wanawe.

Nanyi vijana, mkiwa ndio mlioiharibu, semeni kweli mapema. Ukweli hupunguza gharama na huongeza heshima. Na mkiwa hamkuiharibu, msijibu kwa ukali, bali leteni daftari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya, aziweke nyumba zetu katika mapenzi, na atujaalie kuwa waaminifu katika makubwa na madogo. Amin. Wabillahi taufiq.